Mtoto anayesomea nyumbani afundishwe mantiki kwa Kiswahili chake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wazazi wa Tanga wanaosomesha watoto nyumbani, hasa wenye kijana wa miaka 13 au 14 anayejiandaa kwa Mtihani wa Maarifa ili baadaye afanye wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wengi wangependa kumfundisha mantiki, na wana haki, maana shuleni mada hiyo huchelewa. Katika muhtasari uliozoeleka kwa miaka mingi imo kwenye hisabati ya juu ya kidato cha tano, na asiyechukua tahasusi yenye hisabati hiyo humaliza sekondari bila kuiona.

Tunapopishana nao ni mahali pa kuanzia. Wapo wanaoanza na orodha ya majina ya makosa ya hoja. Mtoto huyashika upesi, na kuanzia siku hiyo hatumwi dukani bila mjadala. Amekuwa mbishi, na mantiki bado hajaigusa. Wapo wanaoanza na alama na majedwali. Huyu hujaza K (kweli) na U (uongo) ukurasa mzima bila kukosea, kisha ukimpa sentensi moja ya Kiswahili aiandike kwa alama, anaiandika kinyume. Neno lenyewe mantiki tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni wa kutamka, kusema. Sisi tunashauri kijana aanzie huko kwenye usemi, na mwezi wa kwanza mzima asione alama hata moja.

Vifaa ni haba: daftari la miraba, penseli na kifutio, katoni ya kukata kadi, na kiganja cha maharage. Muda ni nusu saa, siku nne kwa wiki. Ukizidisha, kijana wa umri huo huanza kubahatisha ili amalize, na kubahatisha kukizoeleka ni kazi kukuondoa. Kwa mwendo huo tutakayoyaeleza hapa yanachukua kama miezi tisa.

Wiki mbili za kwanza ni za kukanusha. Chukua sentensi mbili: "Mama hakununua samaki yeyote" na "Mama hakununua samaki wote". Ya kwanza haina shaka, kapu ni tupu. Ya pili mmoja ataisikia kuwa kapu ni tupu, mwingine kuwa alinunua wachache akaacha wengine. Kiswahili hubandika ukanushi kwenye kitenzi, na kitenzi kikishakanushwa hakitwambii kama kilichokataliwa ni ununuzi wenyewe au ni ule "wote". Dawa ni kumzoesha mtoto kuitoa "si" kwenye kitenzi na kuileta mwanzo: "Si samaki wote walionunuliwa." Kama maana ni ile nyingine, aseme: "Hakuna samaki aliyenunuliwa."

Mpe sentensi nane kila siku, na kila moja aiandike upya kwa kuanza na moja kati ya milango minne: Kila, Hakuna, Yupo (au Kipo, Lipo, kwa ngeli inayofaa), na Si kila. Akishazoea, muulize kinyume cha kila mlango. Hapa karibu kila mtoto huteleza. Ukimwambia "Kila daladala ya Pongwe imejaa", atakujibu kwamba kinyume chake ni "Hakuna daladala ya Pongwe iliyojaa". Usimsahihishe kwa mdomo. Mwekee maharage matatu mezani yawe daladala tatu, mawili uyageuze yawe yaliyojaa, moja lisijae, kisha asome sentensi zote mbili. Ataona zote ni uongo. Sentensi mbili zinazokanushana haziwezi kuwa uongo pamoja wala kweli pamoja. Sharti moja isimame na nyingine ianguke. Kwa hiyo "Kila" hukanushwa na "Si kila", na "Hakuna" hukanushwa na "Yupo".

Neno "baadhi" nalo lina mtego. Tukisema "baadhi ya machungwa yameoza", msikilizaji huchukulia kwamba mengine ni mazima. Katika mantiki "baadhi" ni angalau moja, na huenda ni yote. Mtoto huliona hilo kama ukaidi mpaka umpe mfano wa gunia la machungwa ya Muheza. Umetia mkono ukatoa matatu, yote matatu yameoza. Tayari una haki ya kusema yapo yaliyooza, kabla hujajua lolote juu ya yaliyobaki chini.

Linalowasumbua zaidi ya yote ni "tu". "Wenye tiketi tu ndio wanaopanda boti." Mtoto huisoma kuwa kila mwenye tiketi anapanda. Sentensi haijasema hivyo. Imesema kila anayepanda ana tiketi. Mwenye tiketi aliyechelewa gatini ameachwa na tiketi yake mkononi. Kanuni ya kushika ni kwamba kilichoshikwa na "tu" huenda upande wa "basi": kama amepanda, basi ana tiketi. Maana hiyo hiyo Kiswahili huitoa kwa sura nyingi. "Hupandi mpaka uwe na tiketi." "Sharti uwe na tiketi ndipo upande." "Asiye na tiketi hapandi." Muandikie mtoto sura tano za namna hii kwenye karatasi moja, azigeuze zote kuwa "kama … basi". Akipata tano kwa tano siku tatu mfululizo, mpeleke mbele.

Kuna pia suala la vitenzi. Kiambishi -ki- si kila mara ni sharti: "Ukifika Raskazone utaiona bahari" ni sharti, lakini "Nilimwona akifika" ni wakati tu. Na -nge- na -ngali- ni jambo jingine kabisa, kwa sababu "Ungefika mapema ungemkuta" tayari imekubali kwamba hukufika mapema. Mpe sentensi ishirini zilizochanganywa azigawe mafungu matatu. Fungu la -nge- liwekwe kando hadi miaka ya mbele. Majedwali yatakayokuja hayaliwezi, na mzazi anayelichanganya humo humchanganya mtoto bila kujua sababu.

Methali hufaa sana kwa zoezi hili kwa kuwa mtoto anazijua zote na hajawahi kuzipima. "Panapofuka moshi hapakosi moto": kama pana moshi, basi pana moto. Je, penye moto pana moshi? Mkaa ulioiva jikoni unamjibu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame": kila mtaka huinama, ila aliyeinama huenda anafunga kamba ya kiatu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu": ukimkuta mtu na plasta mguuni, methali haikupi ruhusa ya kumuuliza alimkaidi nani. "Dalili ya mvua ni mawingu" tunaiacha kwa makusudi iwe ya mwisho, maana watu wazima wenyewe hugombana upande wa "kama" ni upi. Acha mtoto autetee upande atakaouchagua.

Baada ya hapo ndipo umtenganishie ukweli na uhalali. Ukweli ni wa sentensi moja moja; uhalali ni wa umbo la hoja nzima. Hoja ni halali ikiwa haiwezekani madai yake yote yawe kweli na hitimisho likawa uongo. Maelezo haya mtoto huyakariri bila kuyameza, kwa hiyo tumia popo, na kwa mtoto wa Tanga popo hawako mbali, mapango ya Amboni yamejaa.

Hoja ya kwanza: Popo wote ni ndege. Ndege wote wana mbawa. Basi popo wote wana mbawa. Dai la kwanza ni uongo, hitimisho ni kweli, na hoja ni halali. Hoja ya pili: Kunguru wote wana mbawa. Ndege wote wana mbawa. Basi kunguru wote ni ndege. Hapa kila mstari ni kweli, na mtoto ataapa kwamba hoja ni nzuri. Mwambie afute "kunguru" mahali popote lilipo aandike "popo". Madai yote mawili yamebaki kweli, na hitimisho sasa linasema popo ni ndege. Umbo ni lile lile, kwa hiyo umbo ndilo bovu, na hoja ya kunguru ilifika kwenye ukweli kwa bahati.

Tungependa mzazi akae hapa wiki tatu nzima. Njia ya kubadilisha neno moja ili hoja mbovu ijiumbue ndiyo silaha kubwa atakayoipata mtoto katika somo zima, na haihitaji alama. Weka sharti: haruhusiwi kusema "hoja hii si halali" bila kuleta popo wake. Ukimruhusu aseme tu "si halali" na kupata alama, baada ya mwezi atakuwa anakisia, na kwa kukisia atapata nusu.

Kwa "kama … basi", bahari yetu inafundisha kuliko kitabu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapopevuka, na tena unapoandama. Maji mafu huja katikati, mwezi ukiwa nusu. Andika: Kama mwezi ni mpevu, basi maji ni ya bamvua. Kisha mpe mtoto njia nne.

Mwezi ni mpevu. Basi ni bamvua. Halali.
Si bamvua, basi mwezi si mpevu. Halali.
Ni bamvua, basi mwezi ni mpevu. Si halali.
Mwezi si mpevu. Basi si bamvua. Si halali.

Muulize aonyeshe siku inayoivunja njia ya tatu. Atataja siku za mwezi mwandamo: maji yamejaa hadi ukutani na mbalamwezi hakuna. Kisha muulize siku inayoivunja ya nne. Ni siku ile ile. Asipoliona mara moja mwache alale nalo, kwa sababu kugundua kwamba makosa haya mawili ni kosa moja lililovaa nguo mbili kunafaa zaidi kuliko kuambiwa. Mtoto wa mvuvi anaweza kukupinga kwamba bamvua yenyewe huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka. Amesema kweli. Mpongeze, kisha mwambie airekebishe sentensi ibebe siku hizo na njia nne azirudie upya.

Njia ya pili, ya kurudi nyuma kutoka kwenye "si", ndiyo inayokawia kuingia. Mfano wake mzuri umo mlangoni kwetu. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini samaki waitwao silikanti walitoweka pamoja na dinosaria, yapata miaka milioni 66 iliyopita, kwa kuwa baada ya hapo hawakupatikana hata kwenye mawe. Hoja ilikuwa hivi: kama wapo, tungekuwa tumewaona, hatujawaona, basi hawapo. Umbo lake ni halali kabisa. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, na leo ufukwe wa Tanga hadi karibu na Pangani una hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo, iliyotangazwa mwaka 2009. Muulize mtoto kosa lilikuwa wapi. Akijibu "kwenye umbo", mrudishe kwa popo. Kosa liko kwenye dai la kwanza: samaki anayekaa kwenye mapango ya kilindini anaweza kuwepo na asionekane. (Msomaji mkali atasema "tungekuwa" ni fungu la -nge- tuliloliweka kando. Kweli. Liandike "kama wapo, basi wameshaonekana", na hoja inasimama vile vile.)

Sasa kadi. Kata nne. Upande mmoja wa kila kadi uwe na herufi, wa pili namba. Zilaze mezani zionyeshe A, K, 4 na 7. Kanuni: kama upande mmoja kuna irabu, upande wa pili kuna namba shufwa. Swali: ni kadi zipi lazima zigeuzwe ili tujue kama kanuni imevunjwa? Jaribio hili lilitungwa na Mwingereza Peter Wason, likatoka mwaka 1966, na kati ya watu wazima waliojaribiwa waliopata jibu hawakufika mmoja kwa kumi. Wengi huchagua A na 4. Jibu ni A na 7. Ile 4 hata ikiwa na konsonanti nyuma haivunji kitu, lakini 7 ikiwa na irabu nyuma kanuni imekufa.

Baada ya kukosa, na atakosa, mpe kadi nyingine nne za basi la Muheza: AMEPANDA, HAKUPANDA, ANA TIKETI, HANA TIKETI. Kanuni: kama amepanda, basi ana tiketi. Konda amkague nani? Mtoto atajibu bila kuwaza: aliyepanda na asiye na tiketi. Zilaze kadi zote nane kwa safu mbili, A juu ya AMEPANDA, 7 juu ya HANA TIKETI, azione kwamba ni swali moja. Kinachoharibu zoezi hili ni mzazi kutoa jibu kwa maneno. Kadi zitengenezwe kweli, na nyuma kuwe na kitu kweli. Nyuma ya 7 andika E, ageuze mwenyewe ashtuke.

Alama sasa ziingie, mwezi wa tatu au wa nne. Viunganishi ni vitano: si, na, au, kama … basi, na kile cha pande mbili, ikiwa na iwapo tu. Kwa "au" mwambie wazi kwamba katika mantiki hukubali vyote viwili kwa pamoja. Anayetaka kimoja tu aseme "ama … ama" na aandike sharti la ziada. Mwezi wa Kiislamu una siku ama 29 ama 30, hauwezi kuwa na zote mbili. Kamati inayotaka kijana ajuaye kushona au kupika haitamfukuza anayejua vyote.

Kila sentensi husimamiwa na herufi, kama p au q, na kila mstari wa jedwali ni namna moja ya herufi hizo kuwa K au U. Jedwali la herufi mbili lina mistari 4, la tatu 8, la nne 16. Utaratibu wa kujaza usibadilike hata siku moja. Kwa herufi tatu, safu ya kwanza K nne kisha U nne; ya pili mbili mbili; ya tatu moja moja. Mtoto anayejaza kwa kujibunia hupata mstari mmoja mara mbili na mwingine haupo, na mstari uliokosekana mara nyingi ndio uliokuwa na jibu.

Mistari ya "kama p basi q" ni hii: KK hutoa K, KU hutoa U, UK hutoa K, UU hutoa K. Ile miwili ya mwisho hukataliwa na kila mtoto mwenye akili, na usimlazimishe kwa kusema ndiyo kanuni. Mpe ahadi. Baba amesema: kama mvua itanyesha, basi nitakupeleka kwa bajaji. Mvua haikunyesha, na baba akampeleka kwa bajaji vile vile. Je, baba amesema uongo? Haikunyesha, na wakaenda kwa miguu. Je? Siku pekee ambayo baba ana kesi ya kujibu ni ile iliyonyesha na mtoto akalowa. Atakayeuliza kama "kwa sababu" nayo ina jedwali lake, mjibu haina: "Mashua ilizama kwa sababu kusi lilivuma" yaweza kuwa uongo hata kama mashua ilizama kweli na kusi lilivuma kweli, kwa mfano ilikuwa na tundu.

Kupima hoja kwa jedwali ni kutafuta mstari mmoja tu, ule ambao madai yote yana K na hitimisho lina U. Ukiwepo, hoja imeanguka. Usipokuwepo kwenye mistari yote, ni halali. Kosa la kawaida ni mtoto kuona mstari mmoja ambao kila kitu ni K akatangaza ushindi. Mkumbushe kunguru.

Kwa sentensi za Kila na Hakuna, chora miduara. Ile ya Euler ya karne ya 18 inapendeza macho, lakini mtoto akichora mduara ndani ya mduara huwa ameshasema zaidi ya alichoambiwa. Tumia njia ya John Venn ya mwaka 1880: miduara mitatu inayopishana, ikigawa karatasi vyumba 8 ukihesabu na nje. Chumba kisicho na kitu kipakwe rangi. Chumba chenye angalau kimoja kiwekwe x. Jaribu: Hakuna samaki anayenyonyesha. Pomboo wote hunyonyesha. Basi hakuna pomboo aliye samaki. Paka pale samaki na wanyonyeshao wanapokutana, kisha paka sehemu ya pomboo iliyo nje ya wanyonyeshao. Angalia pale pomboo na samaki wanapokutana: vyumba vyote viwili vimeshapakwa. Hoja ni halali, na mtoto hakuhitaji kukisia.

Dai la "baadhi" likiwepo, dai la Kila au Hakuna lipakwe kwanza hata kama limeandikwa la pili. Akitangulia kuweka x, atakuja kuipaka rangi juu yake na kuchanganyikiwa. Na kama x inaweza kukaa vyumba viwili, iwekwe juu ya mstari unaovitenga. Kila mvuvi wa pweza hutembea miambani maji yakipwa. Baadhi ya wanaotembea miambani ni wanawake. Basi baadhi ya wavuvi wa pweza ni wanawake. Hapa x inakaa juu ya mstari wa wavuvi, haijulikani ni ndani au nje. Hoja si halali, ingawa kila anayeijua pwani yetu anajua kwamba hitimisho ni kweli. Mifano ya namna hii ndiyo ya kutafuta. Yenye hitimisho la kipuuzi mtoto huikataa kwa sababu ya upuuzi, si kwa kuchunguza umbo.

Hoja za mistari mitatu za aina hii zina maumbo 256. Kwa usomaji wa sasa, halali ni 15. Vitabu vinavyofuata mapokeo ya Aristotle vitakuambia 24, na mzazi hudhani pana kosa la chapa. Tofauti ni kwamba wa zamani walichukulia kila kundi lina angalau mmoja ndani yake. Mwalimu akisema "Wote waliochelewa wameadhibiwa", na hakuna aliyechelewa, kwa usomaji wa sasa hajasema uongo. Chagua usomaji mmoja tangu mwanzo, umwambie mtoto ni upi.

Mwisho ni kuthibitisha hatua kwa hatua. Kila mstari uwe na namba, na kando yake sababu. Anza na kanuni tano: kama-basi kwenda mbele, kama-basi kurudi nyuma, mnyororo wa kama-basi mbili, "au" kwa kuondoa kimoja, na kutenganisha "na". Mfano: (1) Kama kusi linavuma sana, jahazi haliondoki. (2) Kama jahazi haliondoki, abiria hulala bandarini. (3) Hakuna abiria aliyelala bandarini. Kutoka 2 na 3, mstari wa (4): jahazi liliondoka. Kutoka 1 na 4, mstari wa (5): kusi halikuvuma sana. Mtoto hukwama kwenye wa 4, anaandika "si kweli kwamba jahazi haliondoki" na kuiacha hapo, halafu haoni jinsi ya kuitumia kwenye wa 1. Mfundishe kwamba si mbili hufutana, na aliandike hilo kama hatua yenye namba yake.

Kutoka hapo ingia kwenye hesabu zenyewe. Athibitishe kwamba kama mraba wa namba ni shufwa, namba yenyewe ni shufwa. Akienda moja kwa moja atakwama. Mwambie arudi nyuma: kama namba ni witiri, yaani 2k + 1, mraba wake ni 4k² + 4k + 1, nao ni witiri. Imekwisha. Kisha mpe n² + n + 41 aanze na n = 0. Atapata 41, 43, 47, 53, na zote ni namba tasa. Mwache aendelee hadi achoke na kuapa kwamba ni tasa daima. Hadi n = 39 ni tasa kweli, mara 40 mfululizo. Ikifika 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 mara 41. Kikokotoo kiruhusiwe siku hiyo.

Katika kusahihisha, toa alama moja kwa jibu na tatu kwa sababu. Na mara moja kwa wiki mpe hoja uliyoiharibu kwa makusudi ukiwa na uso mkavu, maana mtoto wa nyumbani hana wenzake darasani wa kumpinga, na asipopingwa huanza kusoma uso wa mzazi badala ya karatasi.

Kwako Mhariri tuna ombi dogo. Ukurasa wa burudani una chemsha bongo ya maneno. Pembeni yake iwepo hoja moja ya mistari mitatu kila wiki, jibu lichapwe toleo linalofuata, juu chini. Ya kuanzia hii hapa: Si kila mvuvi wa Mwambani ana boti la injini. Kila mwenye boti la injini hununua petroli. Basi yupo mvuvi wa Mwambani asiyenunua petroli. Na jibu la kuchapwa wiki ijayo: si halali, wasio na boti la injini huenda wote wana pikipiki.

Walimu wawili wa hisabati,
Ngamiani, Tanga